Gawio la Marehemu

Mkono ulikuwa juu.

Nimepata jumbe zenu za wiki nzima. Mmoja wenu anasema Bi Mkubwa alikuwa anajinyoosha tu. Mwingine anasema alikuwa anafukuza nzi. Jamani! Mama wa umri ule hajinyooshi kwenye kikao. Mkono ulikuwa juu, vidole vimekunjuka, bangili imeteremka mpaka kwenye kiwiko, na kila aliyekaa kwenye meza ile alijua maana yake.

Bi Mkubwa alikuwa anapiga kura. Yeye, aliyeapa hatapiga kura maisha yake yote.

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo ukaanzia hapa, sogea nikupashe haraka. Kampuni yenyewe ni ndogo. Inatengeneza na kulinda kompyuta za zahanati, maduka ya dawa na shule. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la rangi, kiasi kwamba hata chai yao ina harufu ya rangi. Waliianzisha ndugu wawili kwa mtaji wa mama yao. Katika hisa mia, kaka alichukua arobaini, mdogo mtu arobaini, mama ishirini.

Kaka ndiye Marehemu. Mjane wake ni huyu Mama Pacha tunayemlilia tangu mwanzo. Mdogo mtu ndiye Mkurugenzi, na wafanyakazi wanamwita Seva, kwa sababu kila ukimuuliza faida imekwenda wapi, jibu ni lile lile: "Imekwenda kwenye seva."

Seva gani hiyo, kompyuta kuu gani isiyoshiba?

Sasa, Marehemu alikuwa hapendi makaratasi. "Sisi ni ndugu, si mahakama," ndivyo alivyokuwa akisema. Kampuni nzima ikaendeshwa kwa kanuni za mdomo. Gawio, yaani ile faida wanayogawana wenye hisa, lilipitishwa kwa kuinua mikono, mara moja kwa mwaka, na kila mkono ulikuwa na uzito wa hisa za mwenyewe. Bi Mkubwa alifungua kikao, na yeye ndiye aliyekifunga. Lakini mkono wake hakuuinua kamwe. "Nimewanyonyesha wote wawili," alisema. "Sitamwinulia mmoja mkono nikamwangushia mwingine."

Maneno matamu, au siyo? Marehemu alipoingia kaburini yakageuka sumu. Kila mwaka Mama Pacha aliinua mkono kutaka gawio. Seva aliutuliza wake mezani. Arobaini kwa arobaini. Bi Mkubwa alitazama dirishani. Zikilingana, mwenyekiti ndiye mwenye neno la mwisho, na mwenyekiti ni nani? Seva huyo huyo.

Naye Seva hajali. Ana mshahara wa ukurugenzi, gari la kampuni, nyumba inayolipiwa kodi na kampuni. Mjane ana hisa tu. Na hisa bila gawio ni kama kuwa na ng'ombe ambaye kila asubuhi anakamuliwa na jirani.

Wanasheria mnaosoma, msinipigie simu. Najua walipaswa kuandika. Hawakuandika, ndiyo maana nina hadithi.

Haya. Turudi mezani.

"Mhasibu," Seva aliita, "hesabu mikono."

Mhasibu alikuwa mtu mzima mwenye tai fupi na roho fupi zaidi. Alikohoa. "Mama Pacha, arobaini. Bi Mkubwa... ishirini. Jumla sitini." Akamtazama bosi wake kwanza, halafu ndipo akamaliza. "Gawio limepita."

Mama Pacha alijifunika uso kwa mikono yote miwili akalia. Alilia kwa kwikwi, bila aibu, mbele ya Mhasibu na mbele ya Seva. Alisimama, akazunguka meza, akaushika ule mkono wa mkwewe akaubusu.

"Mama, asante. Asante, Mama yangu."

"Usinishukuru, mwanangu. Nimechelewa."

Chini, mapokezi, pacha wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja wakisubiri. Wasichana, ndiyo kwanza wameanza sekondari. Mama yao alikuwa amewaahidi kwamba kikao kikienda vizuri, wanatoka hapo moja kwa moja kwenda kununua viatu. Vile walivyovaa soli zilikuwa zimeachia, kila hatua vinapiga makofi.

Mwingine aliyepiga makofi ni Seva.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Alisimama, akapiga makofi, akatabasamu meno yote nje. "Hongera sana, Shemeji. Umesubiri sana. Haki yako umeipata."

Hapo ndipo mimi na wewe tungeshtuka. Lakini mtu aliyesubiri miaka na miaka hashtuki, anashukuru. Mama Pacha akamwambia, "Asante, Shem."

"Mhasibu," Seva alisema akiketi, "mpe Shemeji hesabu ya gawio lake. Na makato yake."

"Makato?"

Mhasibu alitazama kikombe chake. "Deni la Marehemu, Mama Pacha."

"Marehemu hakuwa na deni."

"Shemeji, kaa," Seva alisema kwa upole, upole wa daktari mwenye habari mbaya. "Kaka aliugua muda mrefu. Kitanda, upasuaji, dawa zile za kuagiza. Nani alilipa?"

"Kampuni."

"Basi. Kampuni ilimlipia mwenye hisa. Huo ni mkopo."

Nyuma ya ukuta mashine zilikuwa zinavuma, na feni zake.

"Wewe," Mama Pacha alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kushika, "wewe ulisimama makaburini. Ukasema mbele ya watu, kampuni imemuuguza mwanzilishi wake. Watu wakakupa mikono. Mimi nilikupigia magoti, Shem. Nilikupigia magoti kwenye udongo!"

"Nilisema kampuni imelipa. Sikusema imesamehe."

"Mbona hukunidai siku zote hizo?"

"Kanuni ya mumeo mwenyewe. Deni la mwenye hisa halidaiwi mpaka siku gawio likipita. Miaka yote hii mimi nakataa gawio, unadhani nilikuwa nakuonea? Nilikuwa nakuficha na deni!" Akafungua mikono. "Leo mmelitaka wenyewe."

Msomaji, kuna watu wana ulimi! Ungemsikia ungedhani ni yeye aliyeibiwa.

"Kiasi gani?" Mama Pacha aliuliza.

Mhasibu akataja gawio. Kisha akataja deni. Alipomaliza, Mama Pacha hakuwa na gawio hata la kununua kamba za viatu, na bado alikuwa anadaiwa.

"Na jeneza limo," Mhasibu aliongeza kwa sauti ndogo, kwa sababu alikuwa mtu wa kukamilisha hesabu.

"Toba!" Bi Mkubwa alisema.

"Mama, usipandishe presha. Mimi si mnyama." Seva alisogeza kiti karibu na shemeji yake. "Sikiliza, Shem. Nipe hisa za kaka. Arobaini zote. Deni nalifuta leo leo, na ada ya pacha nalipa mimi mpaka wamalize shule. Nani atakupa hivyo? Utaondoka hapa mwepesi, huna deni la mtu."

Wewe uliyekuwa nami tangu mwanzo unawakumbuka wale wageni wa suti waliokutana na Seva hotelini. Wanaitaka kampuni hii, lakini wanaitaka nzima: hisa zote mia, au hawanunui. Sasa unajua kwa nini Seva alipiga makofi. Mama Pacha yeye hajui. Yeye anajua tu kwamba zile arobaini ndicho kitu pekee kilichobaki duniani chenye jasho la mume wake, na kwamba wanawe hawana kingine cha kurithi.

Na bado akaanza kufikiria kukubali. Nisiwafiche. Mtu akichoka, huchoka hata na haki yake.

"Ngoja kwanza," Bi Mkubwa alisema.

Wote wakageuka. Bibi yule alikuwa amemkazia macho mwanawe, macho yaliyokuwa yametoka kufanyiwa upasuaji mwaka huo na sasa yanaona mpaka uvunguni.

"Nani aliniambia niinue mkono?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Juzi ulikuja nyumbani na mfuko wa matunda. Ukakaa kwenye kigoda changu cha jikoni. Ukasema, 'Mama, mwaka huu mhurumie mkaza mwana wako. Vunja kiapo, inua mkono, mimi sitakasirika.' Ni wewe, au nilikuwa naota?"

Mama Pacha aligeuza shingo polepole. "Shem ndiye aliyekuambia?"

"Ndiye. Nikalala nikishukuru. Nikasema, mwanangu amepata moyo." Sauti ya bibi ikapasuka. "Kumbe kisu nimekishika mimi, yeye ameshika mkono wangu!"

Seva alitazama saa yake. Hicho tu ndicho alichofanya. Kuna dharau ya kutukana na kuna dharau ya kutazama saa, na ya pili inauma zaidi.

Nadhani ni ile saa. Mama Pacha aliiona, saa nene ya kung'aa, na kitu kikamrudia kichwani. Alifuta machozi kwa kiganja. Akakaa wima.

"Shem, saa hiyo nani alikununulia?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Si ni zawadi ya ukurugenzi? Na gari lililopo chini, nalo la kampuni? Na kodi ya nyumba?"

"Yale ni mambo ya kazi."

"Mshahara ndio wa kazi. Hayo mengine kampuni imemlipia mwenye hisa. Umesema mwenyewe sasa hivi, kampuni ikimlipia mwenye hisa, huo ni mkopo. Dawa ya mgonjwa ni mkopo, gari la mzima ni sadaka?"

Mhasibu aliacha kunywa chai.

"Natoa hoja," Mama Pacha alisema, na aliinuka kabisa. "Kila kilicholipwa na kampuni kwa mwenye hisa yeyote, nje ya mshahara, kikatwe kwenye gawio lake. Cha Marehemu kikatwe. Na cha Seva kikatwe." Hilo jina la utani hakuwahi kumwita usoni. Akainua mkono. "Arobaini."

Haya sasa! Ungeona sura ya bwana mkubwa. Gari, nyumba, saa, safari za "semina" zile tulizozisoma, ukizijumlisha zote, deni la Marehemu lingeonekana kama nauli.

Bi Mkubwa hakungoja kuulizwa. Mkono ukapanda mara ya pili. Bangili ikalia. "Ishirini," alisema mwenyewe. "Mhasibu, jumlisha. Najua ni sitini, lakini nataka nikusikie wewe."

Mhasibu alifungua mdomo.

"Teremsha mkono, Mama," Seva alisema.

"Siteremshi."

"Teremsha. Huna hisa."

Ngoja nirudie, maana hata mle chumbani ilibidi irudiwe. Huna hisa.

"Nina hisa ishirini," Bi Mkubwa alisema. "Niliuza kiwanja cha baba yenu."

"Ulikuwa nazo. Ulinipa. Siku ile hospitalini, kabla hujaingizwa kufanyiwa macho. Mhasibu, siyo kweli?"

Mhasibu alikuwa anailegeza ile tai yake fupi. "Ni kweli, Bi Mkubwa. Nilipigiwa simu. Kanuni ya Marehemu, neno la ndugu wawili linatosha. Ndugu wawili wakimwambia mhasibu kwamba hisa zimetoka kwa fulani kwenda kwa fulani, zimehama. Na walisema. Ndugu wawili."

Mama Pacha alishtuka. Alishtuka zaidi ya mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza, na mkono wake uliokuwa hewani ukateremka wenyewe. Lishike hilo.

"Nilikuambia unishikie!" Bi Mkubwa alipiga meza. "Nilisema, 'Mwanangu, nikitoka salama unirudishie, nisipotoka wape wajukuu.' Nilikupa amana!"

"Ulinipa, Mama. Ulikuwa umechomwa sindano, hukumbuki."

Hapo Mama Pacha akadakia, haraka haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yasifike mahali fulani. "Subirini! Kama Mama hana hisa, basi hata mkono wa kwanza haukuwa na hisa. Mkono mtupu haulambwi, Shem. Gawio halikupita! Na kama gawio halikupita, deni halidaiwi. Kanuni ndiyo hiyo." Alimnyooshea kidole. "Chagua. Mama ni mwenye hisa, gawio limepita na gari lako linakatwa. Au Mama si mwenye hisa, na hakuna gawio, hakuna deni, na mimi nabaki na arobaini zangu. Chagua moja. Huwezi kula huku na huku."

Lo! Nilipofika hapa kuandika nilisimama nikazunguka kiti. Seva ameingia kumi na nane!

Seva alimtazama mama yake. Bibi naye alimtazama, na usoni mwake, baada ya yote yale, bado palikuwa na nafasi ndogo aliyomwachia mwanawe. Mama ni mama. Alikuwa anangoja aseme, "Mama ni mwenye hisa." Lingemgharimu gari. Tu.

"Mama si mwenye hisa," Seva alisema.

Bi Mkubwa alifumba macho.

"Sawa," Mama Pacha alisema. "Basi hakuna gawio."

"Kweli, la kwanza halikupita." Seva akakunja mkono wa shati mara moja, taratibu. Akainua mkono. "Napiga kura upya. Arobaini zangu, na ishirini alizonipa Mama. Sitini. Gawio linapita. Deni linadaiwa. Na ile hoja ya gari inaanguka, sitini kwa arobaini. Mhasibu, andika."

Hivyo tu. Alikuwa nazo sitini tangu kikao kinaanza. Hakuzitumia kwa sababu alitaka mjane apokonywe kwa mkono wa mama mkwe, yeye abaki na mikono safi. Walipombana, akaamua kuichafua tu. Mchezo wote ule wa chagua-moja ulimgharimu Mama Pacha na haukumgharimu yeye chochote.

Mhasibu aliandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza.

"Hisa arobaini, Shemeji," Seva alisema. "Au deni lote, mwisho wa mwezi. Mama, tufungie kikao."

Bi Mkubwa aliusogeza mkono wake juu ya meza mpaka ukaufikia wa mkaza mwana wake, akaushika kwa nguvu. Wanawake wawili, mmoja amenyang'anywa na mwanawe, mwingine na shemeji yake.

"Sifungi," alisema. "Mhasibu, umesema ndugu wawili."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Wa kwanza ni huyu niliyemzaa. Wa pili ni nani?"

Mhasibu alitazama kikombe. Chai ilikuwa imeisha.

"Nakuuliza, wa pili ni nani? Mle chumbani hakukuwa na ndugu mwingine. Walikuwepo Mama Pacha na wanawe tu."

Seva alikuwa anatabasamu tena.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tangu sehemu ya kwanza nimemsifu Mama Pacha mpaka mkanituhumu ni dada yangu. Leo nawaambia kilichotokea kwenye ile koridoo ya hospitali.

Bi Mkubwa alikuwa ameshasukumwa kitandani kwenda ndani. Wiki hiyo pacha walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, ndiyo maana walikuwa hospitalini saa za masomo na sare zao. Seva alipiga simu kwa Mhasibu: "Mama amenipa hisa zake." Mhasibu akasema anahitaji ndugu wa pili. Seva akamnyooshea shemeji yake simu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamnyooshea bahasha.

"Ada ya watoto," alimwambia. "Sema tu ndiyo."

Mama Pacha alikuwa amemsikia mkwewe vizuri. Alijua ni kushikiwa, si kupewa. Alijiambia Mama akipona atazirudisha, ni mambo ya kifamilia, kesho yatanyooka. Mtu akiitaka bahasha hujiambia mengi. Akachukua simu. Akasema, "Ndiyo, Mhasibu. Ni kweli, amempa."

"Ni mimi, Mama," alisema sasa.

Bi Mkubwa alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Wewe nini?"

"Ndugu wa pili. Ni mimi. Alinipa ada ya watoto, nikasema ndiyo."

Bibi hakupiga kelele. Alifungua vidole, kimoja kimoja, akauachia ule mkono, akaurudisha wake mapajani.

"Nafuta!" Mama Pacha alimgeukia Mhasibu. "Nafuta neno langu! Nilidanganya. Alisema amshikie, sikilizeni, alisema amshikie tu!"

"Haiwezekani, Mama Pacha." Kwa mara ya kwanza Mhasibu alionekana ana huruma, na haikuwa na faida kwa mtu. "Aliyetoa neno halifuti. Linafutwa na ndugu wengine wawili waliosikia. Kanuni ya Marehemu."

"Kaka alikuwa na akili sana," Seva alisema.

"Alikuwa nayo," Bi Mkubwa alijibu. Alikuwa ameinua uso. "Ndugu wengine wawili. Kanuni inasema wawe na umri gani?"

Mhasibu alisita. "Haisemi umri. Inasema ndugu."

"Basi waite wajukuu zangu. Wako chini. Walikuwa wamekaa miguuni kwangu kitandani, walinisikia."

Tabasamu la Seva likazimika. Msomaji, lilizimika kama taa! Pacha wawili, ndugu wawili. Neno lao likisimama, ishirini zinarudi kwa bibi, sitini ya Seva inavunjika, wanawake wale wawili wanaweza kulisamehe deni kwa kura, gari linakatwa, na arobaini za Marehemu zinabaki kwa wanawe.

Lakini mtazame Mama Pacha. Ungetegemea afurahi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Waite tu," Seva alisema. Alikuwa amemtazama shemeji yake na ameiona hofu yake. "Na mimi nina haki ya kuwauliza. Nitawauliza waliona nini koridoo. Walisimama nyuma yako, Shem. Nitawauliza mama yao aliwaambia ile bahasha imetoka wapi."

Maana siku ile pacha waliiona. Njia nzima kwenda shule waliuliza: Mama, pesa hii ya nani? Naye hakuweza kusema. Akawaambia ni gawio la baba yao. Akawaambia baba bado anafanya kazi kule ofisini, kwa hisa zake, na ndiye anayewasomesha. Walifurahi mno. Mmoja wao aliandika hivyo kwenye insha ya shule na mwalimu akalisomea darasa zima.

"Mama," alimwambia mkwewe kwa sauti ya chini, "nakuomba. Si wao. Nitatafuta njia nyingine."

"Njia nyingine uliiuza," Bi Mkubwa alisema. "Mhasibu, waite."

Mhasibu alifungua mlango akaita chini.

Walipanda mbio. Ungewasikia kwenye ngazi, soli zinapiga makofi, wanasukumana nani atangulie. Waliingia wote wawili kwa pamoja wakihema, wakamwona mama yao analia, na kwa sababu aliwaambia kwamba kikao kikienda vizuri huenda akalia kwa furaha, wakadhani ndiyo hiyo.

"Mama!" alisema yule wa kwanza. "Gawio la baba limetoka tena?"